Gari Lisilofanana na Lolote

Shemeji yangu, mume wa dada yangu, hajawahi kumtazama mtu usoni kabla ya kulitazama gari lake. Ukiingia gereji na gari, yeye huinama mbele ya boneti, mikono kiunoni, akauangalia ule wavu wa mbele ambao sisi wa gereji tunauita shoo, akaangalia taa, akaangalia bampa, kisha akasonya. Msonyo ukiwa mfupi, gari lako lina nafuu. Ukiwa mrefu, tafuta pa kukaa, maana hotuba inakuja. Kwa tabia hiyo ya kupima kila gari kwa pua yake watu walimbatiza Mapua, naye alilipokea jina bila kinyongo, ingawa pua yake mwenyewe ni ya kawaida tu, ya kupumulia.

Mimi nashona viti vya magari katika gereji hiyohiyo. Cherehani yangu iko pembeni, chini ya paa la bati, na kutoka hapo namwona Mapua kutwa. Dada yangu humpokea jioni akiwa amechoka na amenyamaza, ndiyo maana anamsifu kwa majirani kuwa ni mtu mpole. Mimi humwona asubuhi, akiwa bado ana nguvu za kusema.

Ni fundi wa bodi. Ananyoosha yaliyobonyea, anachomelea yaliyopasuka, anapaka puti, anasugua msasa mpaka anakohoa vumbi la rangi tatu. Lakini kazi iliyomjengea jina ni kubadilisha sura. Mtu ana gari la zamani, injini haina neno, ila jirani yake kanunua jipya na sasa yeye hapati usingizi. Basi analeta lake kuukuu, anatoa simu, anaonyesha picha: fundi, nataka liwe hivi. Mapua hung'oa taa, hukata boneti, hufinyanga shoo mpya kwa bati na nyundo, na baada ya majuma kadhaa gari la babu linatoka getini na uso wa mjukuu. Ukilikuta kwa mbele unalipisha kwa heshima. Ukilikuta kwa nyuma unacheka.

Na mtu huyu anayeishi kwa kunakili ndiye anayechukia wanaonakili kuliko binadamu yeyote niliyepata kumjua. Nyani haoni kundule, walisema wahenga, na mimi nimelishuhudia kundu lenyewe kwa miaka mingi.

"Wezi!" husema, nyundo hewani. "Wenye viwanda wote hao ni watoto wa darasa moja wanaochunguliana mtihani. Mmoja akifinya macho, mwaka unaofuata wote wana macho ya usingizi. Mmoja akipanua mdomo, barabara nzima imeachama kana kwamba imepata habari za msiba. Mmoja kaunganisha taa za nyuma kwa mstari mwekundu toka huku mpaka kule, haya, sasa jioni kwenye foleni ni mistari mitupu, hujui la daktari ni lipi na la mchimba kaburi ni lipi. Zamani gari ukiliona kwa mbali unalijua, kama unavyomjua shangazi yako kwa mwendo. Siku hizi mpaka uliinamie usome jina matakoni!"

Siku moja hotuba hiyo ilimkuta mwalimu wa sekondari, mteja wetu, mtu mwenye subira na miwani. Alikuwa amekuja na gari lake dogo apewe uso wa gari la mwaka huu.

"Si wizi wote, fundi," mwalimu alisema. "Mwingine ni upepo. Viwanda vinapuliza magari kwa upepo mkali, vinapima. Umbo linalopasua upepo vizuri ni lilelile. Papa na nguru wanafanana kidogo, sasa nani kamwibia mwenzake?"

Mapua alifikiri. Simnyimi haki yake, akisikia neno lenye uzito hulipima.

"Sawa," akasema. "Mbele upepo umewabana. Na ule mstari mwekundu wa nyuma? Upepo nao unapenda urembo?"

"Huo sasa ni fasheni," mwalimu akakubali.

"Na fasheni ni nini kama si wizi uliovaa tai?"

Dalali wa magari, ambaye hushinda kwetu akisubiri mtu wa kumrubuni, alicheka mpaka akashika bampa. Anajidai kulijua kila gari lililopata kukanyaga barabara, na kwa kweli anayajua mengi. "Na wewe, fundi?" akasema. "Umewahi kutengeneza sura yako, ya kichwani mwako? Au nawe unavaa tai tu?"

Kabla Mapua hajajibu, ikatoka sauti upande wa pili wa ukuta wa mabati. Haikumwambia yeye. Ilimwambia mtu mwingine huko, lakini kwa ukubwa wa kutosha majirani wanne. "Wapo watu," ilisema, "tangu wazaliwe hawajapata kutoa kitu chao wenyewe. Hata nyundo walifundishwa kuishika!"

Hapo lazima niwaeleze habari za ukuta.

Gereji ile aliijenga baba yake Mapua, marehemu, fundi wa bodi pia, akawaachia wanawe wawili. Mapua ni mdogo. Mkubwa, mwenye sauti ile, anaitwa Mluzi, kwa sababu ana pengo la meno mawili ya mbele, na anapochomelea hupitisha pumzi hapo, akipiga mluzi wimbo mmoja usio na mwanzo wala mwisho. Utotoni springi ilichomoka ikampiga kwenye jicho la kushoto, kope ikashuka, na tangu siku hiyo jicho lile ni dogo, linakutazama kama halijakuamini. Si mtu wa kumtundikia picha sebuleni. Lakini ndiye aliyemfundisha Mapua kila kitu, na kwa muda mrefu walifanya kazi bega kwa bega, chakula chao sahani moja.

Waliachana kwa ajili ya fito tatu. Mapua alimtengenezea mteja shoo yenye fito tatu za mshazari, ikapendeza, akajisifu nayo mtaa mzima. Wiki hiyohiyo Mluzi akatoa pikapu yenye fito tatu za mshazari. Umeniiga, akasema mdogo. Wewe ndiye umeniiga, akasema mkubwa, nilikuwa nazo chini ya turubai kabla yako, na hata kama sivyo, mikono hiyo nimekufundisha mimi, kwa hiyo chochote itakachofanya ni changu. Ni neno baya kumwambia mtu mzima mwenye watoto. Mapua hakurudisha tusi. Alichukua mabati machakavu, akapitisha ukuta katikati ya kiwanja cha baba yao, kutoka barabarani hadi kwenye baraza la nyumba ndogo ya mama yao kule nyuma. Ukuta uliishia chini ya kiti cha mama. Tangu hapo bibi yule alikaa na mguu mmoja kwa kila mwana.

Hawakusemeshana tena. Wakitaka kuambiana jambo walinitumia mimi, ambaye nawashonea wote wawili. "Shemeji, mwambie huyo mwenye mashine apunguze kelele," alikuwa akisema Mapua, na Mluzi, aliyesikia kila herufi, akijibu, "Shemeji, mwambie masikio yake aliyapata bure, asiyalalamikie." Nami nakaa katikati, pini mdomoni, nikitamani kuwashona wote midomo. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Nililima mpaka jembe likaisha.

Basi siku ile ya mwalimu, maneno yalipovuka ukuta, Mapua aligeuka rangi. Alitupa nyundo chini.

"Nitatengeneza uso usiopata kuonekana!" akapiga kelele, akimtazama dalali lakini akiuambia ukuta. "Si barabarani, si kwenye simu, si ndotoni!"

"Na ukishindwa?" dalali akauliza. Kazi yake ni kufunga biashara.

Mapua alitazama huku na huku akitafuta kitu kikubwa cha kuapia, na kikubwa kuliko vyote kilikuwa mbele yake. "Akitokea mtu hata mmoja akasema uso huu nimeuona mahali, na akapataja, huu ukuta naubomoa kwa mikono yangu. Na asipotokea, naubomoa vilevile, naujenga wa tofali. Mrefu. Mpaka barazani na kupita!"

Mdomo uliponza kichwa. Kutoka barazani mama yao alisema, taratibu, "Nimekusikia, mwanangu." Kisha nilimwona akiivuta miguu yake yote miwili chini ya kiti, kama mtu anayeona maji yanakuja. Tofali zikipita pale, bibi yule angelazimika kuchagua mwana wa kumwona.

Kesho yake Mapua alianza, na alianza kwa wazimu. Alisema jicho ni mwizi, likishaona haliwezi kusahau, kwa hiyo dawa ni kutoliona gari lolote mpaka kazi iishe. Magari ya wateja tuliyafunika maturubai. Kalenda yenye picha ya lori aliigeuza ikatazama ukutani. Akitembea njiani alishusha kofia mpaka puani, na dada yangu alimshika mkono kumvusha barabara, watu wakimpa pole ya upofu, naye akiwajibu ahsanteni. Meza yake ya kazi, iliyokuwa imeelekea barabarani, aliigeuza ikaelekea ukuta wa mabati. "Hapa," akaniambia, "sioni kitu cha mtu."

Gari alilochagua lilikuwa pikapu ya marehemu baba yao. Ililala uani tangu siku ilipogonga nguzo, nzima nyuma, mbele haina kitu, mifupa tu. Wakati wa kugawana iliangukia upande wa Mapua kwa sababu haikuweza kusogea. Hakuna aliyethubutu kuiuza.

Alifinyanga kwa mikono, mara nyingi macho yamefumbwa, akipapasa bati kama anapapasa unga. Kwanza alitoa paji pana la boneti. Kisha akafunga taa mbili zisizolingana, ya kushoto ndogo na imeshuka kidogo.

"Shemeji, umelewa?" nikamuuliza. "Gari lina kengeza."

"Nani kakudanganya macho yanalingana?" akanijibu. "Viwanda ndivyo vinavyodanganya. Mimi nafanya vile mikono inavyotaka."

Mikono ikataka shoo ya meno makubwa makubwa, halafu ikataka pengo katikati. Nikamwambia sasa limeota ugomvi na kung'olewa meno. Akasema pengo ni la hewa, injini nayo inataka kupumua. Mara kwa mara aliinama juu ya meza, akaegemeza paji la uso kwenye ukuta wa mabati na kutulia hivyo muda mrefu. Nilidhani anapumzisha shingo. Kisha hurudi kwenye bati lake na kugonga kwa uhakika, kama mtu aliyekumbushwa.

Katikati ya kazi hiyo Mluzi aliugua homa. Upande wa pili pakawa kimya, hakuna mashine, hakuna mluzi. Ungetegemea Mapua afurahi. Siku ya kwanza alishika nyundo akaiweka. Siku ya pili alilizunguka gari, akasonya msonyo usioisha. "Bati limekataa," akasema. Siku iliyofuata alikuja mpaka kwenye cherehani yangu, akajifanya anatafuta uzi.

"Kule mbona kimya?"

"Kaka yako mgonjwa. Homa."

"Sikuuliza habari za mtu. Nimeuliza habari za kimya."

"Basi kimya kina homa," nikasema. "Nenda ukakipe pole."

Hakwenda. Ila jioni ile dada yangu alipitisha bakuli la supu kwa mlango wa mama, na aliniambia baadaye kwamba aliyemkumbusha kuweka ndimu ni Mapua. Nilimwonea huruma, kisha nikakasirika kwa kumwonea huruma, maana mchana uleule lori lilileta tofali na yeye mwenyewe ndiye aliyeonyesha pa kuzipanga. Mluzi alipopona na kuanza kupuliza wimbo wake ule usio na kichwa, Mapua aliinama kwenye meza, akaegemeza paji ukutani, na kabla ya jioni akamaliza uso.

Alilifunua gari Jumapili mchana. Walikuja majirani, wateja, mwalimu na miwani yake, na dalali na simu mbili. Upande wa Mluzi geti lilikuwa limefungwa, lakini mluzi haukusikika, na kwa mtu yule kimya ni dalili ya kusikiliza. Mapua alivuta turubai kwa mkono mmoja.

Watu wakasogea karibu. Halafu mtu wa nyuma akasema, "Maskini."

Dalali alilizunguka. Aliinama, akachuchumaa, akalitazama kwa pembeni. Akatoa simu, akaanza kupitisha picha kwa kidole: magari ya huku, ya ng'ambo, ya zamani enzi za madirisha ya kuzungusha. Tulisubiri. Nilikuwa namwomba kimoyomoyo apate japo moja, hata la uongo, yeye ambaye kudanganya hakumpi shida. Jasho lilimtoka. Mwishowe akafunga simu.

"Fundi, nimeshindwa. Hili halifanani na kitu. Hata likiibiwa, mwizi atalirudisha."

Watu wakaangua kicheko. Mwalimu naye alikubali kwamba upepo usingeweza kulisanifu gari lile hata kwa adhabu. Mapua alisimama kifua mbele, amefurahi kama mtoto aliyezaliwa peke yake duniani, akazionyesha tofali kwa mkono. "Mmeona? Mashahidi ninyi. Kesho tunaanza msingi."

Nilitaka kumpiga kwa mkasi. Nasema kweli. Nilikuwa na hasira kwa sababu alikuwa ameshinda.

Ndipo mama yao akaja. Alikuwa amesikia vicheko, akataka kuona kinachochekesha, dada yangu akamshika mkono wakashuka barazani. Bibi yule hajui magari. Kwake yeye magari ni ya aina mbili, yanayopiga honi na yasiyopiga. Watu wakampisha. Alisimama mbele ya pikapu ya mumewe, akaitazama, akasogea, akaitazama tena. Mabega yakaanza kumcheza. Tulidhani analia. Kumbe ni kicheko, kilichomshika mpaka ikabidi akae juu ya tofali.

"Huyu si namjua!" akasema.

"Mama," Mapua akasema kwa upole, "hili ni gari."

"Magari mnayajua ninyi. Mimi huyu namjua, nimemzaa." Akainuka, akaweka kiganja juu ya taa ya kushoto, ile ndogo iliyoshuka. "Jicho si hili, lililopigwa na springi? Nililikanda kwa maji moto mpaka vidole vikababuka. Na pengo ni hili hapa. Na hili paji. Umemleta kaka yako, Mapua. Tangu mnuniane sijamwona akisimama uani huku."

Jamani. Kuna vitu ukishaonyeshwa huwezi kuacha kuviona. Paji lilikuwa lake, meno yalikuwa yake, na lile jicho lilikuwa linatutazama wote bila kutuamini. Dalali alishika kichwa. "Lo! Mluzi mtupu! Amekosa kupuliza tu!" Watu wakapiga kelele, mwalimu akavua miwani akaifuta, na katikati ya zogo lile Mapua alibaki amesimama, mdomo wazi kuliko shoo yake, akiutazama uso alioutengeneza mwenyewe kana kwamba ndiyo kwanza anakutana nao. Sijapata kumwona mtu amekamatwa hivyo.

Nilikwenda kwenye meza yake. Nilitaka kujua. Niliinama pale alipokuwa akiinama yeye, nikaegemeza paji kwenye bati, na hapo nikaliona tundu. Tundu la msumari wa zamani, kutu imelila mpaka limeenea jicho. Mtu aliyekataa kuona gari la mtu yeyote duniani alikuwa amejiwekea mbele yake kitu kimoja tu cha kutazama kutwa kucha. Nikasogeza jicho langu nichungulie upande wa pili, nikakuta jicho lingine linanichungulia mimi. Dogo, lina kope iliyoshuka. Na bati pale, upande wake, lilikuwa limeng'aa kwa kuegemewa.

"Shemeji," jicho likanong'ona, "kuna nini huko?"

"Njoo uone," nikasema. "Umezaliwa upya, na safari hii umetoka vibaya zaidi."

Alizunguka kwa barabarani, akaingia kwa geti ambalo hakuwa amelikanyaga tangu ukuta usimame. Watu wakasogea kando. Mluzi alilizunguka gari polepole, akasimama mbele yake, uso kwa uso, na kwa bahati mbaya au nzuri akainamisha kichwa upande uleule ambao gari lilikuwa limeinamia. Mtu mmoja akaanza kucheka, akazibwa mdomo. Kisha Mluzi akamgeukia mdogo wake. Nilijiweka tayari kupokea salamu na kuzipitisha, kwa mazoea. Hakunitazama.

"Umeniiga," akamwambia.

Midomo ya Mapua ilicheza. Nilijua ana majibu mia, na mengi ya matusi.

"Nawe ulimwiga baba," akasema.

Mluzi aliweka mkono juu ya boneti ya pikapu. Akaiangalia ile mikwaruzo ya zamani ya mlangoni, iliyobaki kama mzee alivyoiacha. Jicho lake zuri lilijaa, na lile dogo likajaa pia. Mapua alikuwa ameshaanza kulia zamani, kwa kelele, bila adabu yoyote.

"Na baba yenu naye," mama yao akasema kutoka juu ya tofali, "sura hiyo alimwiga mama yake, aliyeivaa vibaya kuliko ninyi nyote na kuongeza ndevu. Haya. Kiapo ni kiapo. Nani ana mtaimbo?"

Mapua aliuchukua mtaimbo mwenyewe, maana alikuwa ameapa kwa mikono yake. Alichokonoa misumari, bati la kwanza likalegea, refu, linayumba, na bati refu halibebwi na mtu mmoja. Mluzi alishika ncha ya pili bila kuombwa. Wakalishusha. "Taratibu upande wako," akasema mmoja. "Upande wangu uko sawa, angalia wako," akasema mwingine. Mpaka jua linatua walikuwa wameshagombana juu ya namna ya kuyapanga mabati, na mimi nilikaa kwenye cherehani yangu bila kazi ya kupeleka salamu kwa mtu, nikalia kidogo nikijifanya natunga uzi.

Tofali mama alizichukua, akajengewa jiko. Suala la fito tatu halijaisha. Hulijadili kila siku wakati wa chakula, kwa sahani moja, kila mmoja na ushahidi wake, na nikiwakumbusha habari za lile tundu wote wawili hunisonya kwa pamoja. Pikapu inafanya kazi. Inabeba mabati na mitungi ya gesi, inakohoa kwenye vilima, na watoto wa mtaa huiamkia shikamoo.

Sasa sikieni kilichotokea juzi. Tulikuwa sote getini, Mluzi, Mapua, dalali na mimi, tunapunga upepo. Likapita gari dogo jekundu, limetoka gereji ya mtaa wa pili, rangi haijakauka vizuri. Taa ya kushoto ndogo, imeshushwa. Shoo ya meno makubwa. Pengo katikati.

Dalali alinitazama. Mimi nilimtazama Mapua. Nilijua kinachokuja: nyundo hewani, wezi, watoto wa darasa moja, tai na mengineyo. Mapua alitoka mpaka katikati ya barabara. Dereva akapunguza mwendo, akaogopa, akasimama. Mapua aliinama mbele ya boneti, mikono kiunoni, akautazama uso ule kwa muda mrefu, na nyuma ya gari jekundu foleni ikaanza kupiga honi.

Kisha akasogea pembeni, akainua mkono kuzuia magari ya upande wa pili.

"Mpisheni apite," akasema. "Huyo ni ndugu yetu."